Stesheni ya Maktau: reli iliyoletwa na vita

Haya jamani, karibuni, na wale wa nyuma sogeeni kidogo maana sauti yangu leo si nzuri.

Ukitoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Mwatate na Bura, utafika Maktau. Leo magari yanapita kwenye lami vuu, hakuna anayegeuza shingo kuangalia ile stesheni. Sasa swali langu ni moja tu, nani alifikiria kuweka stesheni pale kwenye nyika kavu, haina mto haina soko?

Jibu ni vita, Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani, ambao wakati huo walitawala nchi inayoitwa leo Tanzania bara, waliingia Taveta hapo mpakani wakaishika, halafu wakaanza kutuma vikosi vidogo, watu wanatembea usiku kwenye pori lisilo na maji mpaka kwenye reli kuu ya Mombasa, wanatega baruti, wanarudi. Waingereza wakaona hapa hakuna njia ila kumfuata adui kwa treni yenyewe, basi wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi na Juni 1915 ikafika Maktau. Yaani kituo kilikuwa kambi kwanza! Abiria wa mwanzo walikuwa askari, na mizigo ni risasi, nyumbu na maji ya kunywa. Makaburi ya wanajeshi wa Kihindi yako pale Maktau mpaka leo.

Mbele kidogo kuna kilima cha Salaita, Wajerumani wakikiita Oldorobo, ambapo Februari 12, 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walipigwa wakarudishwa nyuma. Utasikia watu wanasema jina Salaita limetoka kwenye neno la Kiingereza la kuchinja, yaani "slaughter", mimi hiyo stori siinunui, maana kwenye ripoti za vita hiyo hiyo kilima kinaitwa Salaita tayari.

Mwezi uliofuata Taveta ikachukuliwa, reli ikasukumwa mpaka Kahe, karibu na Moshi, ikaungana na ile ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Na hapa nisikilizeni vizuri, iliwezekana kwa sababu zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja. Maadui wawili, kipimo kimoja, behewa likatoka Voi likaingia Moshi bila kushusha hata gunia.

Baada ya vita reli ikabaki inatafuta kazi, mkonge wa Taveta ndio uliibeba. Lakini nguvu yake ilikuwa ile ya kupita mpaka, sasa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na mpaka ukafungwa hadi 1983. Reli ya kuunganisha nchi mbili ikawa mkia, inaishia kwenye ukuta. Malori yakamaliza kilichobaki, na nyasi zikaota katikati ya vyuma.

Nani ana swali? Mzee pale, naona umenyoosha mkono tangu Salaita.