Dover Castle: usikimbilie mnara

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, hii maiki haina nguvu. Nimeombwa niwape picha ya Dover Castle, ile ngome ya zamani ya Uingereza, kabla hamjaenda, na mi nikianza kuongelea mawe sikumbuki kunyamaza kwa hiyo mkiona muda umeenda nistueni tu.

La kwanza kabisa, mkishaingia getini kila mtu atakimbilia ule mnara mkubwa wa katikati. Naelewa, ndo unaoonekana kwenye picha zote. Ila ushauri wangu usianzie pale, zunguka kwanza nje, nenda upande wa kaskazini, kwa sababu huko kusini ngome inalindwa na lile jabali la chokaa na bahari chini yake, nani atapanda pale? Kaskazini sasa ndo shida, kilima kinaendelea tu na ardhi imeinuka, adui anakuja kwa miguu yake bila hata kuhema. Na kweli alikuja.

Mwaka 1216 mfalme John kakorofishana na makabaila wake, wao wakamwita Louis, mtoto wa mfalme wa Ufaransa, aje achukue kiti. Louis akaja, London ikampokea, Dover ikagoma. Ndani alikuwepo Hubert de Burgh, kamanda wa John, na watu wake. Wafaransa wakapiga kambi huko huko kaskazini, wakateka boma la mbele ya lango, halafu wakaanza kuchimba. Sasa msidhani walichimba ili watokee ndani kama wezi wa benki, hapana, unachimba chini ya mnara wenyewe, kila ukitoa udongo unasimamisha nguzo za mbao ili juu kusikuangukie, ukishamaliza unazichoma nguzo unakimbia, na mnara unakaa chini kwa uzito wake mwenyewe. Lango lilikuwa na minara miwili, mmoja ukaanguka kweli. Wafaransa wakamiminika kwenye lile pengo, waliokuwa ndani wakawarudisha kwa kupigana mkono kwa mkono, halafu wakaziba kwa maboriti na chochote kilichopatikana. Fikiria usiku wa siku ile watu walilalaje!

Ngome haikuanguka. Oktoba John akafa, kiti kikaenda kwa mwanae wa miaka 9, Louis alirudi tena Dover 1217 ikashindikana tena na mwisho akaondoka zake.

Sasa mkifika pale kaskazini angalieni vizuri: lango halipo. Yaani lipo lakini limezibwa kabisa, minara imeshindiliwa mawe, hapapitiki. Hubert alishaona adui alipitia wapi, akasema hapa basi, akajenga lango jipya upande wa magharibi, linaitwa Constable's Gate, kubwa balaa, mpaka leo lipo. Na upande ule uliobomolewa zikachimbwa njia za chini kwa chini kupita chini ya mtaro mkubwa wa ulinzi hadi nje, ili wa ndani waweze kutoka kumshtukiza adui. Hizo njia mnaweza kuingia. Ni nyembamba na zina unyevu, ukuta wa chokaa ukiugusa mkono unatoka mweupe. Hapo kwangu mimi ndo kwenye utamu wote wa Dover.

Haya, mnara wenyewe. Mfalme Henry II wa Uingereza aliujenga miaka ya 1180, kuta kuna sehemu zinafika unene wa mita 6 na zaidi. Watu wanadhani ni wa vita tu, lakini sikilizeni: 1170 Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa Canterbury, wauaji ni askari wapanda farasi wa Henry mwenyewe, halafu Becket akatangazwa mtakatifu na mahujaji wakaanza kumiminika. 1179 akaja mpaka mfalme wa Ufaransa, Louis VII, na anashukia wapi? Dover. Baada ya hapo Henry akamwaga pesa hapo, wageni wa hadhi wapokelewe kifalme. Mule ndani wamepanga upya kama enzi zake, rangi kali nyekundu, bluu, kijani, mpaka unasema hii si too much? Ndo ladha yao ilivyokuwa. Zile hadithi kwamba ngazi za mzunguko zilijengwa hivyo ili anayepanda ashindwe kuzungusha upanga, mtazisikia, wanahistoria wengi wanazitilia shaka, cheka uendelee kupanda.

Pembeni ya kanisa la humo ngomeni kuna gofu lina mistari ya matofali mekundu, wengi wanapita wakidhani ni mnara wa kengele. Ule ni mnara wa taa za meli wa Warumi, sehemu ya juu tu ndo iliongezwa baadaye sana. Simameni hapo hata dakika mbili.

Mahandaki ya vita mnayajua, wenyewe mmeona filamu. Yalichimbwa ndani ya jabali enzi za hofu ya Napoleon, askari zaidi ya 2,000 walilala humo. Mwaka 1940 Admirali Bertram Ramsay akaongozea humo uokoaji wa Dunkirk, yaani kuwatoa askari waliozingirwa na Wajerumani pwani ya Ufaransa, walitegemea kuokoa kama watu 45,000, wakatoka 338,226. Jeshi halikuacha kuitumia ngome hiyo mpaka 1958, yaani baadhi ya wazee wetu walishazaliwa.

Mambo ya safari sasa. Viatu vya kutembelea, dada zangu nawaomba, kilima ni kilima. Upepo wa pale juu hauna adabu hata mwezi wa saba, beba koti. Mahandaki foleni huwa ndefu mchana, kwa hiyo asubuhi kaskazini, kisha mahandaki, mnara mwishoni, na kama hali ya hewa ni nzuri Ufaransa mtaiona kwa macho, ni kilomita 34 tu. Haya, nani ana swali?