Sungura, Kinyozi na Rossini: Opera Ndani ya Katuni za Zamani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Wengi wetu tuliisikia opera, yaani tamthilia inayoimbwa kwa okestra, kabla ya kujua kwamba inaitwa opera, na aliyetusikilizisha alikuwa sungura wa katuni mwenye karoti mkononi. Shabaha yangu leo ni kuonyesha kwamba waliomchora sungura huyo hawakuwa wakiukejeli muziki ule, bali waliusikiliza kwa makini kuliko wengi wanaousifu kwa mdomo tu.

Nitashikamana na filamu moja, Rabbit of Seville, iliyoongozwa na Chuck Jones katika studio ya Warner Bros. na kutolewa mwaka 1950. Elmer Fudd, mwindaji asiyeambulia kitu, anamfukuza sungura wetu, Bugs Bunny, hadi nyuma ya jukwaa la ukumbi wa wazi. Pazia linafunguka ghafla, kiongozi wa okestra anashangaa kidogo, kisha anaanza kazi yake. Kuanzia hapo karibu kila hatua inatii muziki wa ufunguzi wa Il barbiere di Siviglia, opera ya mtunzi Mwitaliano Rossini kuhusu Figaro, kinyozi wa Sevilla, iliyoonyeshwa kwanza Roma mwaka 1816.

Kwa asiyeizoea opera, muziki wa ufunguzi ni ule unaopigwa na okestra kabla mwimbaji yeyote hajafungua kinywa, kama bashrafu inavyozitangulia nyimbo katika taarabu ya Zanzibar. Nao una kisa chake. Haukutungwa kwa ajili ya kinyozi hata kidogo: Rossini alikwisha kuutumia mwaka 1813 katika Aureliano in Palmira, opera kuhusu Kaisari wa Roma na vita vyake, akautumia tena mwaka 1815 katika opera ya Malkia Elizabeth wa Uingereza, ndipo akamkabidhi kinyozi. Basi anayelalamika kwamba katuni imeutenga muziki huu na hadithi yake, namuuliza: hadithi ipi?

Tazameni sasa kinachotokea kwenye kiti cha kinyozi. Bugs anamkanda Elmer kichwani kwa mikono, halafu kwa miguu, na kila kidole kinatua pale inapotua noti, mpaka upara unageuka kuwa kinanda. Rossini alisifika kwa mbinu ya kurudia kifungu kifupi huku akiongeza ala na kishindo. Jones anaifanya mbinu hiyo ionekane kwa macho, maana viti vya kinyozi vinashindana kupanda juu, na baadaye silaha za mahasimu hawa zinazidi kuwa kubwa kila wanapopishana jukwaani, hadi mizinga. Mazungumzo ni haba sana. Hayahitajiki.

Aliyeupanga muziki huo ni Carl Stalling, ambaye enzi za filamu bubu alipiga kinanda katika kumbi za sinema za Kansas City, akiwafuata waigizaji kwa vidole huku macho yakiwa kwenye kitambaa cheupe. Tangu mwaka 1936 alisimamia muziki wa katuni za Warner, akiwa na okestra kamili ya studio. Hilo si jambo dogo: mzaha unachekesha kwa sababu wanamuziki wenyewe hawafanyi mzaha, wanampiga Rossini kama anavyostahili.

Mwaka 1957 Jones alimgeukia Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, katika What's Opera, Doc?, akaiminya dunia ya opera za saa nyingi katika dakika zipatazo saba, na mwaka 1992 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa nchini Marekani. Wahakiki wengi huiweka juu kuliko zote. Mimi bado nampendelea kinyozi.

Sababu yangu mojawapo ni keki. Mwishoni Bugs anaacha silaha, anatoa maua, peremende na pete. Elmer anarudi amevaa shela la bibi harusi, anabebwa juu kabisa na kuangushwa ndani ya keki ya harusi. Juu yake pameandikwa Harusi ya Figaro. Ndilo jina la opera ya Mozart ya mwaka 1786, ambayo hadithi yake inaendelea pale kisa cha kinyozi wa Sevilla kinapoishia. Maandishi hayo yanapita upesi mno, kwa hiyo naomba taa zizimwe, tuanze filamu upya, na safari hii msiyaondoe macho kwenye keki.