Jina la Nyumbani Liingie Kwenye Cheti

Mhadhara kwa wazazi, Makadara, Nairobi

Asanteni. Kaeni, tafadhali, hata nyinyi mliosimama mlangoni. Huku mbele viti vipo. Wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili kwenye mikutano ya shule, kwenye harusi, hata matangani: mtoto aandikiwe jina lake la nyumbani kwenye cheti cha kuzaliwa. Leo nalisema tena, kwa sababu kila Januari wanaingia darasani watoto ambao wazazi wao wanaamini wamewapa jina lisilo na mwenzake mjini, na mwalimu akiliita wanaitika watatu.

Mimi nilifundisha shule za sekondari za huku Eastlands mpaka nikastaafu. Mwalimu wa darasa huanza siku na rejista. Sasa chukueni kidato cha kwanza cha watoto waliozaliwa miaka ya 1990, ile miaka ya kina Brian, kina Kevin, kina Mercy na kina Sharon. Ukiita Brian tu, nyuso zinainuka kila pembe. Lakini hatukuwa tukiita Brian tu. Tulikuwa na Brian Mwangi, Brian Mutua, Brian Wafula, Brian Kiprotich. Wafula alizaliwa wakati wa mvua. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi zizini. Mwangi alipewa jina la babu yake. Jina la kanisani lilikuwa la kila mtu, la nyumbani likawatenganisha, na asubuhi yetu ikaendelea bila vurugu.

Mwaka mmoja wakaingia Brian Otieno wawili. Hawakuwa na undugu wowote: mmoja alitoka mtaa wa Jericho, mwingine mtaa wa Maringo. Wanafunzi walilimaliza jambo hilo wiki ya kwanza. Mmoja akawa Brayo Jeri, wa pili akawa Brayo Defu, kwa kuwa alikuwa na kidevu kilichoanza kuota nywele mapema kuliko wenzake. Hakuna mtoto aliyewachanganya tena. Tuliowachanganya ni sisi watu wazima wenye mihuri.

Yule wa Maringo alikuwa yatima, akilelewa na shangazi yake aliyeuza sukuma wiki. Akaombewa basari, yaani msaada wa karo, na basari ikatoka. Barua ikaja na hundi: Brian Otieno, kidato cha kwanza. Pesa zikaingizwa kwenye akaunti ya karo ya Brian Otieno wa Jericho, ambaye baba yake alikuwa na kazi na karo ameshalipa. Huyu yatima akarudishwa nyumbani kwa deni ambalo lilikuwa limelipwa. Shangazi akaenda ofisi iliyotoa pesa, akaambiwa, mama, sisi tumeshalipa, nenda shuleni. Akaja shuleni. Nilikuwa nimesimama hapo hapo dirishani pa mhasibu alipofika, leso begani, mikono bado ina kijani cha mboga, akasema: "Nimekuja kuuliza habari za Ogutu wangu." Karani akafungua daftari, kidole kikashuka ukurasa mzima, kikageuza, kikashuka tena. "Hatuna Ogutu shule hii."

Ogutu lilikuwa jina la babu yake, mzaa baba. Nyumbani hakuitwa jina lingine. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, na mama yake kabla hajafariki alimwita hivyo. Lakini siku ya kujaza fomu hospitalini mtu aliandika Brian, kisha Otieno ambalo ni jina la baba yake, akafunga. Lile jina moja ambalo lingemtofautisha na yule wa Jericho, na wa shule ya jirani, na wa kaunti nzima, liliachwa nje ya karatasi. Kijana akakaa nyumbani sehemu kubwa ya muhula mpaka tulipoviweka vyeti viwili vya kuzaliwa juu ya meza moja na kulinganisha tarehe.

Wazazi wenzangu, ningekuwa na dakika tano tu leo, ningesimulia hiki kisa nikaketi.

Tumefika wapi sasa? Wakati ule tulikuwa tukiandika jina moja la kigeni na moja la nyumbani. Siku hizi naletewa vyeti vya wajukuu nione: Jayden Liam Kamau. Ethan Ryan Omondi. Tiffany Zoe Mutiso. Mawili ya mbele yametoka kwenye simu, la nyuma ni la baba. La mtoto mwenyewe, la babu au la nyanya, la mvua au la alfajiri aliyozaliwa, limetupwa. Ukimuuliza mama, anakwambia: "Mwalimu, sikutaka jina la kila mtu."

Hapo ndipo ninapokosa subira. Jayden ni jina la kila mtu! Ulilipenda kwa sababu ulilisikia mahali, na mahali ulipolisikia wewe, mama wa jengo la pili alilisikia pia, mwezi huo huo. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Mlikuwa mkitazama vipindi vile vile na kufungua kurasa zile zile, na masikio yenu yamezoea sauti zile zile. Kila mmoja akadhani amegundua.

Wamarekani wana takwimu za jambo hili, kwa sababu shirika lao la hifadhi ya jamii hutoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto, na orodha hiyo inarudi nyuma hadi 1880. Mwaka huo wa 1880, John na William kila moja lilichukua takriban wavulana wanane katika kila mia. Siku hizi jina linaloongoza halifiki hata wawili katika mia. Mtu atasema, si basi wamefanikiwa kukwepa? Tazameni Jennifer. Jina hilo liliongoza kwa wasichana kuanzia 1970 mpaka 1984, mwaka baada ya mwaka, kisha likashuka. Leo ukikutana na Jennifer wa Marekani unaweza kukisia umri wake bila kumwomba kitambulisho. Jina la fasheni huwa na muhuri wa mwaka. Wote wenye jina hilo wanaingia shule pamoja, wanaomba kazi pamoja, wanajaza fomu zile zile siku zile zile. Usumbufu wenyewe ndio huo: linawarundika watu wa rika moja kwenye foleni moja.

Sasa linganisheni na Wanjiku. Nani atasema Wanjiku si jina la kawaida? Ni la kawaida mpaka mwananchi wa kawaida wa Kenya anaitwa Wanjiku. Lakini niambieni Wanjiku ana umri gani. Huwezi. Kuna Wanjiku wa miaka tisini huko Murang'a na Wanjiku aliyezaliwa asubuhi hii Pumwani. Jina limesambaa katika vizazi vyote badala ya kurundikana katika kimoja, kwa sababu halichaguliwi kwa fasheni, linarudi kwa zamu. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao, kisha wajomba na shangazi.

Najua, kuna kijana hapa anahesabu kichwani aniumbue. Hesabu basi. Mzee Kamau ana wana sita. Kila mmoja akipata kifungua mimba wa kiume, boma moja lina Kamau sita, binamu watupu, na wengine wamepishana miezi tu. Ni kweli, tena nimewaona Krismasi wakicheza mpira uwanja mmoja. Lakini waliobuni utaratibu huo walijua, wakaweka na njia ya kutokea: huyu ni Kamau wa Njoroge, yule ni Kamau wa Wanjiru. Wengine hutambulishwa kwa mama, wengine kwa baba, na hakuna anayekosa. Na nyanya yao akiwaona huwaita wote "mume wangu," na mtoto wa miaka minne anavimba kichwa kwa sababu anajua amebeba mtu. Jayden amebeba nani?

Nendeni Eastleigh mkaone jamaa zetu Wasomali, wanaoishi na majina ya kawaida kuliko sote: Mohamed, Abdi, Hassan, Ali. Huandika la mtoto, la baba, la babu, mnyororo usiokatika, na juu yake kila mtu ana jina la utani linalojulikana waziwazi: huyu ni Dheere kwa kuwa ni mrefu, yule ni Yare kwa kuwa ni mdogo. Ni lile lile walilofanya wanafunzi wangu kwa Brayo Defu. Jina kuwa la kawaida halijawahi kumdhuru mtu ambaye jamii yake imemwekea la kumtofautisha.

Kuna pingamizi moja ambalo silichezei, na nisipolitaja mtalileta kwenye maswali. Wazazi wengine wananiambia: mwalimu, jina la nyumbani linamtaja mtoto kabila. Mimi sitaki mwanangu aulizwe ni wa wapi kabla hajaulizwa anajua nini. Nawaelewa. Tulikuwa mji huu mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tunakumbuka watu waliosimamishwa barabarani wakadaiwa kitambulisho, na kwa nini kilidaiwa. Walikufa watu zaidi ya elfu moja nchini. Sitamwambia mzazi aliyepita hapo kwamba hofu yake ni upuuzi.

Ila nitamwambia atazame cheti alichoandika. Jayden Liam Kamau. Kabila limefichwa wapi? Liko pale mwisho, herufi kubwa. Ulichofuta ni babu wa mtoto peke yake. Ukitaka kweli kuondoa kabila kwenye jina, una kazi ya kuliondoa la ukoo, na wako waliofanya hivyo, nami nawaheshimu. Na kama unataka jina la mbele lisiloegemea kabila, Kiswahili kinayo: Amani, Imani, Baraka, Neema, Zawadi, Tumaini. Mpe Neema. Kisha muandikie na la nyanya yake.

Mtu atasema kanisa lilitaka jina la kizungu. Lilitaka, zamani. Wangari Maathai aliwahi kuitwa Mary Josephine, akayaweka kando majina hayo alipokuwa kijana, na dunia ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa jina la Wangari. Padri na mchungaji wa leo watambatiza Wanjiru au Achieng bila neno. Waulizeni.

Muda unakwenda, naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo haya mengine nayapitisha mbio.

Tahajia. Kuandika Jaydn au Jhayden hakulifanyi jina liwe adimu. Sikio linasikia lile lile, rejista inaitwa kwa mdomo, na mtoto anabaki akitamka herufi moja moja mbele ya kila karani maisha yake yote. Siku cheti kinasema hivi na kadi ya kliniki inasema vile, mtaenda kwa wakili kula kiapo, na kiapo kina bei.

Majina ya matukio. Obama alipochaguliwa mwaka 2008, watoto wengi huko Kisumu wakaitwa Barack na Michelle. Alipokuja mwaka 2015 kuna mtoto aliyepewa jina la ndege yake, Air Force One. Furaha naielewa, na hata wazee wetu walitaja watoto kwa matukio, kwa njaa na kwa nzige. Nasema tu liandikwe pamoja na la nyumbani, ili furaha ikipoa mtoto awe na pa kushika.

Fomu. Hapa sikilizeni, kina mama hasa, maana wengi hujaziwa wakiwa bado na maumivu na mtu wa kitanda kinachofuata anasubiri. Sheria inawapa miezi sita kabla usajili haujahesabiwa kuwa wa kuchelewa. Nyumba ikubaliane jina mimba ikiwa bado changa, liandikwe kwenye karatasi, karatasi iwekwe ndani ya kijitabu cha kliniki, ili anayejaza anakili. Msiache nafasi ya kati iwe tupu, na msiijaze jina la pili la kizungu. Nafasi hiyo ni ya Ogutu. Siku hizi shule inamsajili mtoto kwa cheti cha kuzaliwa, na jina la cheti ndilo linaloingia kwenye mtihani wa taifa. Baada ya hapo kila ofisi inadai lifanane.

Na wanaolea peke yao, kwa sababu najua mpo na huwa mnaondoka bila kuuliza. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu azaliwe. Zamani kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kilizuia jina la baba lisiandikwe kama wazazi hawajaoana, isipokuwa baba na mama waombe pamoja. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo ni kinyume cha katiba. Msikubali nafasi hiyo iachwe bila jina. Na kama hutaki jina la baba huyo, una baba yako na mama yako mzazi. Majina yao ni halali kabisa kwa mtoto wako.

Nilitaka kusema na juu ya mapacha, lakini basi. Maswali. Tuanze na mama mwenye kitenge cha bluu, halafu yule kijana aliyekuwa akihesabu kina Kamau.