Ridhaa Haiko kwa Mwenye Simu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, na wanafunzi wenzangu: waliowahi kunisikia katika mijadala ya chuo hiki wanajua ninakoelekea, na naona baadhi yao wameshaanza kutabasamu. Watabasamu tu. Hoja yangu ni kwamba ruhusa ya kusambaza habari au picha ya mtu hutoka kwa mtu huyo, si kwa mwenye simu, na nitairudia mpaka makundi yetu ya WhatsApp yabadilike. Tunapofundishwa maadili ya mtandaoni huambiwa tulinde neno la siri, tusiweke picha zisizofaa, na tuwafikirie waajiri wa kesho. Ni mafunzo mema, ila yote yanachukulia kwamba kila mtu ndiye anayeandika habari zake mwenyewe, ilhali sehemu kubwa ya sura tuliyo nayo mtandaoni imechorwa na wengine ambao hawakutuuliza.

Nachukua mfano wangu wa siku zote, matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania linapoyatangaza, ukurasa wa kila shule huonyesha namba ya mtahiniwa, jinsi yake, pointi, divisheni na alama za masomo. Jina halimo. Mtu aliyeko Bukoba akiufungua ukurasa wa shule ya Lindi ataona safu za namba, na hatajua nani amefaulu na nani amepata divisheni ziro. Sasa sikilizeni yaliyotokea kwetu jioni ile ile. Mwenzetu mmoja aliupiga ukurasa wa shule yetu picha ya skrini, akaufungua kwenye programu ya kuhariri picha, akaandika majina pembeni ya namba, moja baada ya jingine, kwa kuwa namba za kila mmoja tulizijua tangu tulipokuwa tukijiandaa na mtihani. Kisha akaizungushia kila ziro duara jekundu. Haikufika sala ya isha kabla picha hiyo haijaingia kwenye kundi la wazazi, la kwaya na la mtaa. Dada mmoja ambaye jina lake lilikuwa pembeni ya duara mojawapo alijitoa kwenye makundi yote na akabadili laini ya simu. Alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu vizuri, akapata nafasi ya chuo. Na siku alipoingizwa kwenye kundi la mwaka wa kwanza, mbele ya watu ambao hata sura yake walikuwa hawajaiona, mtu aliitoa picha ile akaibandika hapo kama salamu ya kumkaribisha. Matokeo yake mapya hakuna aliyehangaika kuyachorea duara lolote.

Nikisimulia haya hujibiwa kwamba matokeo ni ya wazi, yamo kwenye tovuti, sasa siri iko wapi? Naomba tusikilizane, maana jibu hili limenichosha. Kilichokuwa wazi ni namba. Aliyeziunganisha namba na majina alitengeneza taarifa mpya ambayo tovuti haikuwa nayo, kwa hiyo mchapishaji wa taarifa hiyo ni yeye. Wapo pia wanaojitetea kuwa wao hawakuchora chochote, walipitisha tu kilichowafikia. Lakini yule dada hakuumizwa na mchoraji peke yake. Aliumizwa na mamia ya vidole ambavyo kila kimoja kilijihesabu kuwa hakikufanya jambo. Hata WhatsApp wenyewe waliona tatizo liko kwenye kupitisha, ndiyo maana tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, haupelekwi kwenye zaidi ya gumzo moja kwa wakati. Mishale hiyo iliwekwa ili mtu asite. Kwetu imegeuka kama nembo ya ubora: ikiwa miwili, basi habari ni moto.

Wengine huniuliza kama ninataka watoto wa watu wafungwe. Sitaki, na sheria siyo kiini cha maneno yangu, ingawa ipo: ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa majirani zetu Kenya mambo yamefika mbali zaidi. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Mwenye kamera alikuwa na kamera yake, mwenye ukumbi alikuwa na ukumbi wake, na bado ruhusa ilipaswa kutoka kwa aliyepigwa picha, na kwa mtoto, kutoka kwa mzazi wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo akaunti bandia nitaziruka, na picha za majeruhi barabarani nitazigusa kwa sentensi moja: familia isijue msiba wake kupitia stetasi ya mpita njia. Jambo jingine, picha ya simu huweza kubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa, na ukiituma kama faili taarifa hizo husafiri nayo. Na wanaotegemea kufuta ujumbe kwa wote wakumbuke kwamba picha ya skrini haifutiki hivyo.

Ninalolitaka hapa chuoni ni dogo. Alama za koziweki, yaani za kazi na majaribio ya muhula, zisiwekwe tena kwenye makundi ya madarasa kama orodha moja yenye majina. Msiniambie tutumie namba za usajili, kwani nimetoka kueleza namba zinavyofanywa. Kila mwanafunzi azione alama zake kwenye akaunti yake ya mfumo wa chuo, ambayo tayari anayo na anaitumia kulipia ada. Nimeyaandika haya katika ukurasa mmoja, nakala ziko kwa katibu, na atakayepinga namwomba alete hoja zake kabla ya kikao cha viongozi wa madarasa siku ya Ijumaa.