Karatasi Kabla ya Dago

MIZE: Assalamu alaykum. Leo tunazungumzia wavuvi wetu wanaovuka Mkondo wa Pemba kwenda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, Shimoni na Vanga pwani ya Kenya, bila karatasi. Kombo, watu wakisikia Kenya imewakubali Wapemba, hudhani mambo yamekwisha.

KOMBO: Bado, Bi Mize. Januari 2023 Rais William Ruto aliitambua jamii ya Wapemba kuwa moja ya makabila ya Kenya, na Julai mwaka ule vitambulisho vikatolewa Kilifi. Waliokusudiwa ni waliolowea huko na vizazi vyao, watu wapatao 7,000 kwa makisio ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ambao hawakuwa na uraia wa upande wowote. Mvuvi aliyeondoka Wete msimu huu hayumo. Huyo ni Mtanzania asiye na karatasi, na dawa yake ni nyengine.

MIZE: Na akijipenyeza kuchukua kitambulisho cha Kenya?

KOMBO: Anajikata mwenyewe. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima: ukichukua wa Kenya kwa hiari, wa huku umeupoteza. Na ukiupata kwa maelezo ya uongo, nao waweza kufutwa.

MIZE: Basi wa msimu aanze wapi?

KOMBO: Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake. Achukue barua, aongeze cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ende Uhamiaji kuomba pasi au hati ya dharura. Akishuka Shimoni, kabla ya kwenda bandani apite afisi ya uhamiaji agongewe muhuri. Raia wa Afrika Mashariki huweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi 6.

MIZE: Muhuri lakini si leseni ya kuvua.

KOMBO: Ndipo wengi wanaponasa. Kuvua kuna leseni yake, na pa kuanzia kuuliza ni BMU, kamati ya wavuvi ya pwani ile. Aliyeshikwa hana chochote, sheria ya Kenya ya uraia na uhamiaji ya 2011 inafika faini ya shilingi 500,000 za kule, au miaka 3 jela, au vyote viwili.

MIZE: Mie naona hata kabla ya polisi kuna tajiri, yule anayekupa kazi. Huna kitambulisho, husajili laini, basi M-Pesa inaingia simu yake. Samaki umevua wewe, pesa kapokea yeye. Akikata, utamshitaki wapi na wewe unajificha?

KOMBO: Na watoto?

MIZE: Hao ndio mzigo hasa. Aliyezaliwa Vanga aandikishwe huko huko. Kenya huandikisha kila mtoto anayezaliwa huko, wa raia na wa mgeni. Hospitali hutoa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu. Yote ndani ya miezi 6, ikipita ni uandikishaji wa kuchelewa na ushahidi unaotakiwa ni mwingi zaidi. Wazee wanaogopa kuulizwa pasi, wanakaa kimya, halafu mtoto anakwama skuli siku za kuandikishwa mtihani wa taifa.

KOMBO: Cheti hicho hakimpi uraia wa Kenya, kinaonesha tu kazaliwa wapi na nani. Wa Tanzania anaurithi, kwa sharti baba au mama awe raia ambaye yeye mwenyewe hakuupata kwa kurithi. Kwa hiyo mtoto wa mzaliwa wa Pemba yumo. Mjukuu, akizaliwa huko na wazazi wote wawili waliozaliwa huko, hayumo. Hivi ndivyo watu walivyopotea kizazi baada ya kizazi.

MIZE: Na huyo baba pengine kazalishwa na mkunga Kojani, hana cheti.

KOMBO: Basi kazi inaanza kwa baba, aombe cha kuchelewa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Na majina yalingane herufi kwa herufi! Huku Khamis Faki Hamad, kule Hamisi Faki, faili linarudi. Penye tofauti, hati ya kiapo iende pamoja na maombi, isingoje kuulizwa.

MIZE: Na nakala ibaki nyumbani. Karatasi za dago hulowa.

KOMBO: Picha zake pia awe nazo mke kwenye simu, maana akishikwa, huku ndiko watakakotafuta uthibitisho.