Usiwashe Bodi Siku Unayojaza Maji

Jamani tukae, tuanze. Habari ya kwa nini mtu apooze kompyuta kwa maji yanayozunguka kwenye mipira siirudii, joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua wenyewe, na vifaa mnaviona hapa mezani: tanki, pampu, bloku ya prosesa, yaani kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa maji yakipita ndani, rejeta ya kupozea maji na feni zake, mipira ya kupitisha maji, na fitingi za kuungia mipira. Kufunga ni kazi ya saa chache. Vitu vinaungua kwenye kuwasha, kwa hiyo leo nang'ang'ania hapo hapo.

Usiwashe bodi, ile bodi kuu ya kompyuta, siku unayojaza maji. Nimelisema mara ngapi na bado wiki hii kijana kaniletea mashine, kadi ya grafiksi aliyoidunduliza mwaka mzima, imekufa. Alijaza, akawasha, ikaenda vizuri kama dakika 20. Fitingi ilikuwa imekazwa kweli kweli, ila ile oringi ndani, pete ya mpira ya kuzuia maji yasivuje, ilikunjika upande mmoja, tone dogo kama punje ya mtama likatambaa chini ya mpira mpaka kwenye kona likadondokea mgongoni mwa kadi. Nilipofungua, lile doa la kijani kwenye miguu ya chipu bado lilikuwepo. Roho iliniuma, mtoto wa watu anafanya kazi usiku.

Sasa mtu ataniambia, mzee, mimi natumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, hayapitishi umeme. Yakiwa kwenye chupa, sawa! Yakishapita kwenye rejeta na bloku yanabeba chembe za metali, yakidondoka yanakutana na vumbi la kwenye bodi, hapo yanapitisha vizuri tu. Na ukienda duka la spea kuyatafuta usiseme "maji ya betri" ukaondoka, soma chupa, maana kuna watu ukisema hivyo wanakupa asidi. Maji ya kisima ndiyo kabisa usiguse, angalieni ule ukoko mweupe kwenye birika zenu.

Fanya hivi. Chomoa waya zote za umeme kwenye bodi, kadi na diski, ibaki pampu peke yake. Ili pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme, iwake bila bodi, kwenye ile plagi yake kubwa ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wa jirani kwa kipande cha waya, yaani pini ya 16 na ya 17, hesabu pini kama waya zako zote ni nyeusi. Swichi iwe imezimwa wakati unaunganisha! Zungushia tishu nyeupe kila fitingi, jaza tanki, washa sekunde chache, zima, ongeza maji, washa tena, kwa sababu pampu ikizunguka kavu inakufa, maji ndiyo mafuta yake. Ndiyo maana tanki linakaa juu ya pampu. Inamisha keisi huku na huku mapovu yatoke. Halafu iache izunguke saa 24, kisha uguse tishu moja moja kwa kidole, yenye unyevu ndipo panapovuja.

Muda naona umeniishia. Rejeta ya shaba usiichanganye na bloku ya aluminiamu, aluminiamu italika, na weka dawa ya kuzuia ukungu kwenye maji. Ya mipira migumu tuache. Nani ana tishu? Sogezeni hiyo keisi huku tujaze.