ATV ya Dragi: Lami Ina Yake, Vumbi Lina Yake

JUMA: Karibuni kipindini. Leo mgonjwa ni ATV ya Rehema, pikipiki ya magurudumu manne anayoiendesha kwenye dragi, zile mbio fupi za kunyooka moja kwa moja. Alitoa shokapu za nyuma, akafunga vyuma vitupu, akaingia kwenye vumbi. Taa ya kijani kuwaka tu, tairi zikachimba mashimo mawili palepale.

REHEMA: Usiniaibishe, kaka! Nilinakili mashine ya lami: imeshushwa chini, swingamu (ule mkono unaoshika ekseli ya nyuma) ndefu, nyuma haina mchezo kabisa. Kwenye lami ilitoka kama mshale.

JUMA: Lami inashika, kwa hiyo kinachokuzuia pale ni mbele kunyanyuka. Kwenye vumbi hufiki huko, tairi zinazunguka bure mapema.

REHEMA: Nipigie ile hesabu, maana ndiyo iliyonifungua macho.

JUMA: Tafuta kitovu cha uzito wewe ukiwa umekaa juu. Tuseme kiko sentimita 60 kutoka ardhini, na sentimita 60 mbele ya ekseli ya nyuma. Mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka, ukifika 1 g (sawa na wa kitu kinachoanguka), mbele inaachana na ardhi. Sogeza ekseli nyuma kwa sentimita 15, unakaribia 1.25 g. Ukiishusha mashine, unapata zaidi ya hapo.

REHEMA: Ndiyo maana watu wa lami wanarefusha.

JUMA: Ila ukirefusha na kushusha, uzito unaohamia nyuma unapungua. Na kwenye vumbi huo ndio unaokandamiza tairi.

REHEMA: Kumbe nilijinyima mwenyewe! Nikarudisha swingamu ya kiwandani na shokapu zangu. Vyuma vile kwenye njia yenye matuta vilikuwa vinarusha tairi hewani, na tairi iliyo hewani haisukumi kitu.

JUMA: Mbele je?

REHEMA: Mikanda ya kufunga shokapu za mbele nimeiacha, ila nimeilegeza. Nilikuwa nimeikaza hadi springi zimekaa chini kabisa. Sasa mbele inapanda kidogo tu, kisha mkanda unaishika.

JUMA: Mimi ningegusa mikanda kabla ya kitu kingine chochote. Haina gharama, na kosa lake unaliona hapohapo. Ila ukitoka kwenye mbio uifungue, usije ukaenda nayo porini.

REHEMA: Bado ikawa inavuta kulia. Nikakaza springi ya kushoto, nikalegeza, nikakaza tena. Kutwa nzima!

JUMA: Hukupima tairi.

REHEMA: Jioni nikaazima tepu ya fundi cherehani. Nikajaza upepo sawasawa pande zote mbili, nikazungusha tepu. Tairi ya kushoto imezidi ya kulia kwa sentimita 2!

JUMA: Na ekseli ni moja, haina difu ya kuruhusu tairi moja izunguke tofauti na nyingine. Kila mzunguko upande wa kushoto unatangulia sentimita 2, lazima ikupeleke kulia. Hakuna shokapu ya kuponya hilo.

REHEMA: Nimebadilisha tairi, sasa inanyooka.

JUMA: Umerudisha swingamu, na cheni uliipima ukiwa wapi?

REHEMA: Mashine ikiwa juu ya stendi.

JUMA: Dada! Hapo swingamu inaning'inia. Cheni inakaza zaidi pale sproketi ya mbele (gia inayovuta cheni), bawaba ya swingamu na ekseli vikiwa kwenye mstari mmoja. Toa shokapu, inua ekseli hadi hapo, ndipo uangalie kama imebaki na ulegevu.

REHEMA: Basi mwenzenu naenda kuzitoa shokapu tena.